Sabufa ya Mninga

Skrubu ya mwisho ya sabufa ya baba ilikuwa imeota kutu, ikabidi niidondoshee mafuta ya taa na kusubiri. Nilipoinyanyua spika kutoka kwenye boksi, harufu iliyotoka mle ndani ilinikalisha chini. Udi. Udi wa mama, umechanganyika na gundi ya mbao na vumbi la mninga, umefungiwa mle tangu nina miaka tisa. Arobaini ya baba ilikuwa na siku tatu tu tangu ipite, na nilikuwa nimejigamba mbele ya ndugu kwamba mimi nimeshalia nikamaliza. Nikalia upya, mwanamke mzima na bisibisi mkononi, hadi binti yangu akaniletea maji.

Wenzangu mliokulia Temeke enzi zile mnajua sabufa ilikuwa nini. Ilikuwa heshima ya sebule. Mtu alikuwa tayari kulalia mkeka, lakini kwenye kona pale kuna sabufa, juu yake kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa maua ya plastiki. Nyingi zilikuwa za dukani, maboksi mepesi yanayolia kama debe. Baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Tandika, na alikuwa akizidharau sabufa hizo waziwazi mbele ya wateja waliozileta. Kwa tabia hiyo hatukuwahi kuwa matajiri.

Tulipanga Mtoni, kwenye nusu ya nyumba. Ndugu wawili walirithi nyumba moja ndefu, wakagombana, wakaikata katikati kwa ukuta wa tofali. Nusu moja wakatupangisha sisi, nusu nyingine alibaki mmoja wao, Mzee Jongo, na mkewe, Mama Tatu. Tatu mwenyewe alikuwa rika langu, na ndiye aliyenisimulia baadaye yale ambayo sikuyaona kwa macho. Ukuta ulikuwa mmoja na sakafu ya saruji ilikuwa moja. Mzee Jongo akikohoa, sisi tunasema pole.

Mama alikuwa mtu wa muziki. Jumapili, vyombo vikishaoshwa, baba aliweka kanda ya dansi, naye mama alifunga kanga kiunoni akacheza kwenye kile kinafasi kati ya kitanda na meza. Alicheza taratibu, macho amefumba, mabega tu ndiyo yakisema. Baba alijifanya anasoma gazeti. Mimi nilishika pindo la kanga ya mama nikawa namfuata nyuma, na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu, mume wangu anisamehe.

Kisha nikapoteza hereni yake. Nilizivaa bila ruhusa kwenda nazo bombani, kuwaringishia wenzangu, na moja ikadondoka kwenye mchanga. Nilichekecha mchanga ule kwa chujio la chai hadi magharibi. Mama hakunipiga. Alisema "Basi," akaiweka ile iliyobaki kwenye kopo la vifungo. Ningepigwa ningelala vizuri zaidi.

Haukupita muda mama akashikwa na homa kali, akalazwa, akarudi amekonda, hatazamiki. Tangu aliporudi, mambo yakawa mengine. Namwita yuko jikoni amenipa mgongo: "Mama." Kimya. "Mama." Anachambua mchele. "Mama!" Anachambua mchele. Nikizunguka mbele yake ndipo ananitazama, tena ananitazama mdomoni, bila kupepesa, nami moyo unanilipuka kwa sababu nilidhani anachunguza kama nasema uongo. Sauti yake ikawa kubwa. Majirani wakasema siku hizi Mama Zuhura amekuwa mkali, anafoka hata akiomba chumvi. Zuhura ndiye mimi. Na Jumapili hazikuwa na dansi tena. Baba aliweka kanda mara moja, mama akaendelea kukunja nguo, baba akaizima.

Nilijumlisha mwenyewe, kitoto: mama amenisusa kwa ajili ya hereni.

Ndipo baba alipoanza lile boksi. Babu yangu alikuwa mchonga vinyago kule Newala, na baba, ingawa aliukimbia mpingo akaja mjini kwenye nyaya, alikuwa bado na mkono wa mchongaji. Hakuuamini ubao mpaka augonge kwa kifundo cha kidole na kuuwekea sikio. Alinunua milango miwili ya mninga kwenye nyumba iliyobomolewa, akaigonga inchi kwa inchi uani, huku Mama Tatu akimchungulia.

"Mmakonde, hodi zote hizo, kuna mtu humo ndani?"

"Namtafuta Mzaramo mwenye akili, shemeji. Hajaitika bado."

Mama Tatu akacheka hadi akajifuta machozi. Alikuwa shoga wa mama wa kufa na kuzikana, na utani wao na baba haukuwa na likizo.

Kwa jioni nyingi baba alijenga boksi lile uani. Ukubwa wa ndani aliupima kwa mchanga: analijaza boksi kwa kopo la lita moja, anahesabu makopo, anaandika kwenye daftari, anamwaga, anapunguza ubao, anajaza tena. Tundu la hewa alilitengeneza kwa bomba la plastiki la maji. Analikata kwa msumeno upana wa kidole, anasikiliza, anakata tena. "Likiwa refu linakoroma, likiwa fupi linapiga kelele," alisema. Ndani alitandika sufi, na sufi hiyo aliitoa kwenye mto wa mama mwenyewe. Nilimwona akiupasua, mama amesimama pembeni ameshika mfuko, wanatazamana kama watu wenye siri. Kuhakikisha hapavuji, alichoma udi kwenye chetezo cha mama, akakiingiza ndani, akaziba matundu yote kwa viganja, akasubiri kuona moshi unatokea wapi. Ulipotokea akapaka gundi. Nyumba nzima ilinuka kama kuna harusi.

Nilimuuliza kwa nini haendi dukani kununua kama watu wengine.

"Za dukani zinasemea masikio," alisema. "Hii nataka isemee kifua. Isikike hata kwa mtu aliyejifunika shuka gubigubi."

"Ya nani?"

"Ya nyumbani," akasema, akaendelea kupiga msasa.

Siku moja nilirudi shuleni nikamkuta amekaa sakafuni chumbani, mgongo ameuegemeza kwenye boksi, macho amefumba. Nilitokea upande wa dirisha, nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Nikarudia. Hakuitikia. Mzazi kutoitikia shikamoo ya mwanawe, kwetu ni karibu na laana. Nikasogea, nikaona masikioni mwake amejaza pamba, yote mawili, amezishindilia kwa nta ya mshumaa. Nilirudi nyuma kimyakimya nikaenda kukaa msalani, mahali pekee penye mlango wa komeo. Nilielewa kwamba sasa wamekuwa wawili. Mama amenisusa, na baba, ili asiisikie sauti yangu, ameamua kuziba kabisa. Nikalichukia lile boksi.

Alhamisi likakamilika. Baba alilipaka vanishi, akalifunika kwa kanga mpya ya mama, akaniambia, amejaa furaha hadi akasahau kujifanya mkubwa: "Jumapili utaona. Jumapili mama yako atacheza."

Jumamosi alfajiri Mzee Jongo akafariki.

Kwetu msiba ukiingia mtaani, muziki unazimwa. Hakuna anayepita kutangaza. Baa ya kona ilizima, saluni ikazima, vijana wa kijiweni wakazima redio yao yenye betri. Turubai likafungwa, wanaume wakakaa nje kwenye mabenchi, wanawake ndani kwenye mikeka. Mzee akazikwa alasiri ileile. Jumapili baba alishinda nje na mashemeji wa Mama Tatu, na mama alikaa ndani na wafiwa, ameegemea ukuta. Ule ukuta wetu.

Mchana nilitumwa vikombe. Nikasimama mlangoni pale wanawake walipojaa, nikamwita mama nimuulize nichukue vya kabatini au vya kwenye ndoo. Aliangalia mkeka. Nikaita tena, kwa sauti. Wanawake wakageuka, mama hakugeuka. Mmoja akacheka chinichini: "Mh, mwenzetu hata mwanawe hamtaki leo."

Nikaingia chumbani kwetu. Boksi lile, limevaa kanga ya mama, limekaa pale kama mtoto mpya aliyekuja kuchukua nafasi yangu. Nataka niseme ukweli wangu wote hapa, kwa sababu nimeuficha miaka mingi: nilijua muziki hauruhusiwi, na kwa sababu hiyohiyo niliuwasha. Nilitaka mama ainuke, aje mbio, anipige. Kofi lingenitosha. Kofi ni la mtu anayekujali.

Lakini nilikuwa mwoga vilevile. Niliiweka kanda, nikazungusha kitufe kidogo tu, kiasi kwamba mwimbaji hasikiki, unasikia kama mtu ananong'ona kwenye chumba kingine. Nikakaa kitandani kusubiri. Sikujua alichokitengeneza baba. Sikujua kwamba sauti nzito haihitaji mlango, inapita kwenye saruji, na kwamba chumbani unaweza kuona ni ndogo kumbe imeshafika kwa jirani.

Yaliyofuata alinisimulia Tatu. Vikombe kwenye sinia vilianza kugongana. Shangazi yake aliyekuwa akisoma Yasini akanyamaza katikati ya aya. Mkeka ulikuwa ukitetemeka chini ya mapaja ya watu. Na mama, aliyeegemea ukuta, alifumbua macho wazi kama mtu aliyeguswa begani na mtu anayemjua. Akaweka kiganja ukutani. Akafumba macho. Akatabasamu. Halafu mabega yakaanza.

Mama alicheza msibani. Alicheza amekaa, taratibu, kama Jumapili zake, na machozi yanamtoka huku anatabasamu, pembeni ya mjane mwenye siku moja.

Walimvuta kanga. "Una wazimu? Mwenzio kafiwa!" Tatu anasema mama alipofumbua macho aliona midomo ya wanawake wote inakwenda kwa pamoja, macho yake yakawa yanaruka kutoka mdomo huu hadi ule, hajui ashike upi. Kisha akamwona Mama Tatu. Akaelewa, akajifunika uso.

Baba aliingia chumbani mbio, akang'oa waya ukutani. Alinitazama nilivyokaa kitandani. Kwa miezi mingi hakuna mtu aliyenitazama vile, na nilikuwa nimekitaka hicho hicho, na nikatamani ardhi inimeze. Nyuma yake wanaume walikuwa wameshafika mlangoni, mbele yao shemeji yake Mama Tatu, mdogo wa marehemu.

"Nani kawasha mziki?"

"Mimi," baba akasema. "Niliiacha imewashwa, nikasahau. Nisameheni, ndugu zangu."

"Umesahau? Mume anapiga mziki, mke anacheza. Kaburi halijakauka! Mmetutukana nyie."

"Ni kosa langu. Mke wangu hana kosa."

"Hana kosa vipi, na tumemwona kwa macho?"

Baba alifungua mdomo. Kulikuwa na sentensi moja tu, fupi, ambayo ingemaliza yote, na niliona anaikaribia. Akaimeza. Alitoka nje akasimama chini ya turubai mbele ya wanaume wote, fundi aliyekuwa akibishana na kila mteja, akaomba radhi mara tatu ameinamisha kichwa. Mimi nilibaki kitandani.

Hakuna aliyetutoza faini wala kututukana tena. Ilikuwa mbaya kuliko hivyo. Mama alipika uji akaupeleka msibani, sufuria ikarudi imejaa. Bombani wanawake walimpisha bila salamu. Mama Tatu, shoga yake, akimwona uani anaingia ndani. Wiki haikuisha, mjomba akaja kutoka Masasi kumchukua mama akapumzike kwao.

"Arobaini ya Mzee Jongo ikipita," baba aliniambia, "nitamfuata. Nitawaomba radhi upya, tutawasha."

Asubuhi ya safari mama alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa mlango.

"Sema polepole, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Niambie chochote. Nikuone."

Nilikaza midomo. Nilidhani amejua, anataka nikiri, na nikifungua tu mdomo uongo wangu utaonekana. Alisubiri. Mjomba akapiga honi. Mama akanibusu kipaji cha uso, akaondoka bila kulipata hata neno moja kutoka kwangu.

Homa ilimrudia kulekule Masasi. Alizikwa kabla ya arobaini ya Mzee Jongo kufika.

Baba aliporudi kutoka mazikoni alinikalisha kwenye ngazi ya uani. Alikuwa na vumbi jekundu la kwao mama kwenye viatu, hakuwa amelipangusa. Ndipo aliponiambia. "Mama yako alikuwa hasikii, Zuhura. Tangu ile homa. Masikio yalikwenda yote mawili. Alinikataza kusema." Mtaani kulikuwa na mwanamke kiziwi aliyekuwa akiuza karanga, na watoto, mimi nikiwemo, tulikuwa tukimfuata nyuma tukimzomea. Mama hakutaka nami nizomewe kwa ajili yake. Alitumaini atajizoeza kusoma midomo kabla hatujashtuka.

"Hata mimi alikuwa hanisikii?" nikauliza.

"Hata wewe."

Baba hakuwahi kuniuliza kwa nini niliwasha. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba ni mimi. Sabufa ile haikulia tena. Ilikuwa meza ya televisheni, ikahama nasi hadi Kijichi, watoto wangu wakaiwekea madaftari, na kila mwaka baba aliipaka vanishi. Miaka yote hiyo nilikuwa na mdomo na yeye alikuwa na masikio mazima. Sikumwambia pole. Sasa amekufa na ninamwambia kila siku, na haisaidii.

Jana alasiri Mama Tatu alikuja. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, ila macho ni yaleyale. Alikuta fundi wa Tandika ameshaivalisha spika mpira mpya, mimi namalizia skrubu. Aliupapasa mninga kwa kiganja, na nikajikuta namwambia, bila mpango, nikiwa nimepiga magoti: "Mama, siku ile ya msiba wa mzee, nilikuwa mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"We mtoto, baba yako alikaa na shemeji zangu tangu asubuhi. Angesahau vipi kuzima kitu ambacho asubuhi nzima hakikulia? Na aliyetumwa vikombe nani?" Alikaa kwenye kochi taratibu. "Mzazi akishajitwika mzigo wa mwanawe, humtui mbele za watu. Nikanyamaza. Kinachoniua mie si wewe. Kinachoniua ni kwamba siku ile sikujua shoga yangu hasikii. Ningejua, wallahi, ningemshika mkono pale pale, ningemwambia cheza. Mume wangu mwenyewe alikuwa mpenda dansi."

Tukalia, kila mmoja na lake. Kisha akagonga sakafu kwa fimbo.

"Washa basi. Msiba wa nani tunaongoja tena?"

Niliweka wimbo ule wa zamani, ambao siku hizi uko kwenye simu. Kabla sijawasha nilikwenda kuchukua pamba. Nilizishindilia masikioni kama nilivyomwona baba, nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mninga, macho nikafumba. Kwanza hakuna kitu. Halafu mdundo ukaanza kiunoni, ukapanda na uti wa mgongo, ukaingia kifuani ukapiga humo kama mtu anabisha hodi akijua upo. Hapakuwa na maneno wala gitaa. Baba alilikata lile bomba la maji kidole kwa kidole, jioni baada ya jioni, ameziba masikio yake mwenyewe, mpaka akaupata mdundo huu. Mabega yangu yakaanza yenyewe.

Sijui ilikuwa muda gani. Niliguswa begani, nikafumbua macho. Binti yangu alikuwa amesimama mbele yangu na daftari lake, ana miaka minane, midomo inamtetemeka, na mashavu yamelowa. Alikuwa anasema kitu. Nikang'oa pamba.

"Nakuita nyuma hapo, mama, nakuita, huitiki," akasema. "Umenikasirikia?"

Nilimshika kidevu, nikaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia kwamba sijamkasirikia, kwamba nilikuwa sisikii tu. Nikamwambia tena, polepole, auone mdomo wangu unavyokwenda. Kisha nikamwambia mara ya tatu, ile iliyokuwa yangu, ya yule mtoto wa miaka tisa.